Mlima Ndani ya Wilbaro

Mimi sikusoma, lakini kusema sijawahi kushindwa. Mwaka nilioletwa huku Mbooni kama bibi harusi, upepo wa mlimani ulikuwa na nguvu hata jogoo wangu akiwika, sauti inabebwa mpaka Kasikeu: watu wa huko wanaamka, sisi tunaendelea kulala. Ukitaka kubisha, bisha, mashahidi wote wamezikwa. Lakini habari ya mwalimu Ismahan nimeitia chumvi kidogo tu, pale ilipokuwa imepooza.

Alikuja mwezi wa kwanza na begi moja na sufuria ya chai, akapanga chumba katika boma langu, karibu na barabara inayoshuka kutoka soko la Kikima. Baba yake, Abukar, ananunua na kuuza mifugo huko Garissa. Kwao, alivyonieleza, nchi imelala chini kabisa, ukisimama juu ya debe unaiona kesho ikija. Hiyo ya debe ni yangu. Yeye alisema tu ni tambarare.

Sasa mtu wa tambarare umlete Mbooni, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri kabla ya kushuka. Asubuhi ya kwanza alianza njia ya kwenda shule akiwa amesimama, akaimaliza akiwa amekaa. Alishuka kwa makalio, mkoba juu ya kichwa, buibui likifagia kijia chote. Watoto wa Gredi ya Tano walikuwa wanamngoja chini. Hawakucheka mpaka aliposimama, hiyo ndiyo adabu ya huku kwetu. Halafu Syombua, mjukuu wa mzee Mbaluka, akamshika mkono.

"Mwalimu, weka miguu upande kama kinyonga. Usiangalie bondeni. Angalia tu pale utakapokanyaga."

Kwa hivyo wao ndio waliotangulia kumfundisha, na somo lilikuwa kutembea.

Shule yetu iko chini ya mteremko mkali, na darasa la Gredi ya Tano ndilo la nyuma kabisa, limeupa mlima mgongo. Juu ya darasa hilo ni shamba la Mbaluka. Mbaluka ni mwenyekiti wa mwethya wetu, yaani kile kikundi cha kulimiana, leo kwangu, kesho kwako, na nyimbo katikati. Alikuwa amechimba mtaro mrefu kukata mlima, umenyooka sawasawa kama meza, ili mvua ikinyesha maji yakae humo yazame polepole. Ndani ya mtaro akapanda migomba. Ndizi zake zilikuwa kubwa hivi kwamba ukimenya moja, ganda lake unamfunika mtoto wakati wa baridi. Watu wa kilimo walikuja kuupiga picha mtaro ule, na Mbaluka akapigwa picha nao akiwa amevaa koti la harusi.

Na msimlaumu. Mimi nimezaliwa upande wa Tulia, Kitui, ambako mto ni mchanga mtupu na maji unayachimba kwa kata kama mtu anayetafuta pete. Kwetu sisi Wakamba, kuyaacha maji yapite hivi hivi ni kama kumfukuza mgeni aliyekuja na chakula chake. Tone likianguka kwako, ni lako. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mashamba yetu yanaonyesha.

Ismahan alilelewa na maji ya aina nyingine. Jioni moja tulikuwa tunapepeta muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, akaniambia alipokuwa mdogo, sawa na hawa wanafunzi wake, mto Tana ulifurika mchana wa jua kali. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko juu milimani. Maji yakachukua zizi la mbuzi la baba yake, yakachukua na darasa lao. Watu walipona kwa sababu ilikuwa siku ya mapumziko.

"Tulikuwa tumesoma habari za mafuriko, Susu," akasema, akiniita nyanya kwa Kikamba kama watoto wa huku. "Kitabu kilikuwa na neno, na picha ya nyumba za ng'ambo. Nikapita mtihani. Maji yalipokuja kwetu nikasimama nikiyaangalia. Sikuyatambua."

Ndiyo maana yeye hakufundisha majanga kwa mdomo. Siku ya tetemeko la ardhi, watoto walijenga nyumba za vijiti na udongo juu ya sinia, mmoja akalitikisa, wengine wakaangalia ipi inabaki. Siku ya ukame walipanda maharagwe kwenye mikebe, mengine wakayafunika kwa nyasi, mengine wakayaacha uchi juani. Siku ya radi walijikunyata uwanjani, miguu pamoja, vichwa chini, kama kuku waliosikia mwewe. Nilipita na kuni zangu nikauliza wamekosa nini.

Wazazi walinung'unika. Mtaala huu mpya umetumalizia maboksi, walisema, na sasa unatumalizia masinia. Mtoto anarudi nyumbani na matope mpaka kwenye masikio, ukimuuliza umesoma nini anakwambia, "Tumeangusha mji."

Mwezi wa tisa wakafika kwenye maporomoko ya ardhi. Ismahan akachukua wilbaro ya shule, akawaambia watoto wajenge mlima ndani yake. Wakapanda kwa Mbaluka kuomba udongo. Huko juu, hatua chache kupita mtaro wa migomba, Syombua aliangusha penseli yake. Akainama kuiokota, isionekane. Ilikuwa imeingia kwenye ufa. Akatia mkono mpaka kwenye kiwiko na hakuigusa.

Udongo mkavu hupasuka, kila mtu anajua. Lakini ufa ule haukuwa wa kupasuka ovyo kama kisigino changu. Ulikuwa mrefu, umepinda kama mundu, ukifuata mtaro kutoka mwanzo hadi mwisho. Ismahan aliahirisha mlima wa wilbaro. Aliwapa watoto vigingi na uzi: kigingi huku, kigingi kule, uzi katikati, usiolegea wala kukaza. Ufa ukipanuka, uzi utasema.

Mwanzo wa mwezi wa kumi kulinyesha manyunyu, mvua ya kulowesha vumbi tu. Asubuhi nyuzi mbili zilikuwa zimekatika.

Siku hiyo hiyo Ismahan alipanda kwa Mbaluka, kwa mwendo wa kinyonga, na mimi nyuma yake kwa sababu sikosi jambo. Alimweleza kwa heshima zote. Mitaro ya kushika maji ni mizuri sana kule chini, alisema, kwenye mteremko wa polepole. Hapa ni wima, na tayari kuna ufa. Maji yakikaa yanazama, mlima unakuwa mzito, halafu unateleza. Afadhali mtaro uinamishwe kidogo, maji yatoke upande mpaka kwenye korongo la mawe. Mvua kubwa za Novemba zilikuwa njiani, na chini yake kulikuwa na darasa lililojaa watoto. Mwalimu mkuu hakuwa na chumba kingine cha kuwaweka.

Mbaluka alimsikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia mimi.

"Mama Nzuki, umeniletea mtu wa jangwani aje anifundishe kumwaga maji?"

"Nimekuletea mwalimu, shemeji."

"Mwalimu mzuri. Mwambie hii migomba nimeipanda hapa na mikono yangu, na mlima haujawahi kuhama. Watoto wakitaka kucheza na uzi, wacheze. Jembe haligusi mtaro huu."

Akatukaribisha chai. Tulikunywa, kwa sababu kukataa chai kungekuwa vita vya pili.

Njiani kurudi, nikamuuliza Ismahan kama amekata tamaa. Akasema hapana, anafikiria jinsi ya kumfanya mzee auone mlima ule kwenye wilbaro, lakini mzee ameapa kwamba haji kwenye michezo ya watoto.

"Niachie mimi," nikamwambia.

"Susu, usiseme uongo."

"Siwezi. Nitasema tu kitu ambacho bado hakijawa kweli."

Jumapili baada ya ibada nikamkuta Mbaluka nje ya kanisa, katikati ya wazee wenzake. Nikamwambia kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani kwamba watoto wamejenga boma lake lote ndani ya wilbaro ya shule, zuri ajabu, isipokuwa choo wamekiweka mlangoni pa jikoni. Na mtaro wake wameuchora umepinda kama mkia wa nguruwe. Na kesho wazazi wote wanakuja kuangalia.

"Umepinda?" akauliza Mbaluka.

"Kama mkia wa nguruwe, shemeji. Mimi nilitetea. Lakini mimi sikusoma."

Kesho yake alifika shuleni kabla ya kengele, na lile koti la harusi. Watoto walikuwa hata hawajachota udongo. Akasimama mbele ya wilbaro tupu, akaniangalia, nami nikaangalia mawingu.

Syombua alikuwa mwepesi kuliko sisi wote. "Babu," akasema, "tulikuwa tunakungoja. Hatutaki kukosea. Tuonyeshe wewe shamba lilivyo."

Nani angekataa? Mzee akavua koti. Akawapeleka watoto juu kuchota udongo wake mwenyewe, kwa sababu huo wa uwanjani, alisema, ni udongo wa kuchezea. Akaukandamiza ndani ya wilbaro, akaweka mteremko, akachimba mtaro kwa kidole gumba, ulionyooka kama meza, akachomeka vijiti vya migomba. Choo akakiweka mahali pake, mbali na jikoni, akaniangalia tena. Chini ya mteremko Ismahan akaweka kisanduku cha kiberiti kikiwa wazi. Hilo lilikuwa darasa. Kila mtoto akaja na haragwe lake alilolichora kwa kalamu, mmoja nyota, mwingine herufi, akaliweka ndani. Syombua alikuwa amelichorea haragwe lake macho mawili na mdomo unaocheka.

Wazazi nao walikuwa wamefika, kwa maana uongo wangu unatembea haraka kuliko matangazo ya chifu.

Ismahan alimpa mzee mkebe uliotobolewa matundu kwa msumari. "Mzee, mvua ni yako. Nyesha upendavyo."

Mbaluka akanyesha. Maji yakateremka, mtaro ukayapokea, yakatulia humo yaking'aa. Tone halikufika kwenye kiberiti. Akanyesha tena. Mtaro ukashika. Akatugeukia kifua mbele.

"Mmeona? Mwalimu, umeona?"

"Nimeona, mzee. Hiyo ni mvua ya siku moja. Novemba hunyesha siku ngapi?"

Akajaza mkebe tena, sasa kwa madaha, akiwapungia watu mkono. Na tena. Maji kwenye mtaro yalikuwa yanapungua bila kwenda popote, na mtu mmoja nyuma yangu akasema udongo unakunywa vizuri. Halafu juu ya mtaro ukatokea mstari mwembamba, umepinda kama mundu. Watoto waliutambua, wakaonyeshana kwa vidole. Mbaluka alikuwa bado anamwaga. Mteremko ukaondoka wote kwa pamoja, kama uji mzito unaoteleza kutoka kwenye mwiko, na mtaro wake, na migomba yake ikiwa imesimama wima, ukakifunika kisanduku cha kiberiti kabisa.

Mbaluka aliweka mkebe chini, akaanza kuchimba kwa vidole. Hakuna aliyemwambia achimbe. Akatoa haragwe, akalipangusa kwenye shati lake safi.

"Hili la nani?"

"Langu," akasema mtoto mmoja anayeitwa Kitheka.

Akampa. Akachimba tena. Akatoa la nyota, akatoa la herufi, kila moja akalipangusa na kuuliza mwenyewe. Alipolipata lile la macho mawili alikaa nalo kwenye kiganja muda mrefu. Halikuwa linacheka tena, maji yalikuwa yamefuta mdomo.

Ismahan hakumwambia, "Si nilikwambia?" Alijenga mlima mara ya pili na watoto, kwa udongo ule ule, ila mtaro akauinamisha upande kidogo tu, na njia ya maji akaitandika kokoto. Akamrudishia mkebe. Mzee alinyesha mpaka mkono ukachoka. Maji yakashika njia, yakatokea ukingoni mwa wilbaro, yakalowesha viatu vya mwalimu mkuu. Kiberiti kikabaki kikavu.

Mbaluka akavaa koti lake.

"Kesho mwethya unakuja kwangu," akasema. "Mama Nzuki, uje na jembe. Siyo mdomo peke yake."

"Mdomo ndio hutangulia, shemeji. Jembe hufuata."

Msifikiri ilikuwa rahisi. Wanamwethya walipanda wakiwa na majembe, masururu na makarai, lakini wengine walisimama tu wakiwa wameyaegemea. Mzee Ndolo alisema hajawahi kusikia Mkamba akiyatoa maji shambani kwake, labda akiwa na homa. Mbaluka hakubishana naye. Aliingia kwenye mtaro, akang'oa mgomba wa kwanza yeye mwenyewe, ule mnene kuliko yote, akaubeba begani kama mgonjwa. Baada ya hapo nani angebaki ameegemea jembe?

Watoto ndio waliopima mwinamo. Walikuwa na fimbo tatu zilizofungwa kama herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia katikati. Jiwe likilala kidogo upande wa korongo, wanasema chimba. Likilala sana, wanasema hapana, maji yatakimbia yakwangue ardhi. Fikiria mtu mzima wa miaka yangu anaambiwa na mtoto asiye na meno mawili, "Susu, hapo umezidisha, rudisha udongo." Nikarudisha. Ufa wenyewe tuliujaza udongo tukaushindilia kwa magogo, ili maji yasiingie, na watoto wakafunga nyuzi mpya juu yake. Tulitunga wimbo wa Mbaluka aliyeifukuza mvua, nayo ikamwandikia barua ya salamu, naye akauitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Migomba tuliipanda upya huko chini, pembeni mwa korongo, mahali ambapo maji yangefika yakiwa yamechoka.

Mvua ya Novemba ilikuja kama wageni wa harusi: kwanza mmoja mmoja, halafu basi zima. Ilinyesha mpaka vyura kwangu wakaomba kuingia ndani. Siku ya tatu yake, asubuhi, Ismahan aliangalia mlima, akaangalia anga, akapiga kengele ya kuhama, ile waliyokuwa wameifanyia mazoezi. Madarasa yote yakatoka, kila mkubwa na mdogo wake mkononi, wakapanda kwa mstari mpaka kanisani juu ya kilima cha pili. Hakuna aliyekimbia. Nami nilikwenda, kwa kuwa sikuitwa.

Tulijazana madirishani. Kutoka pale unaiona shule yote, na mteremko, na juu yake mtu mmoja amejifunika gunia, anatembea kando ya mtaro na jembe, akitoa majani yasizibe. Ismahan alimtuma mtu akamwite ashuke. Mbaluka akajibu kwamba anashuka, anatoa jani moja tu. Aliyatoa mengi kabla hajashuka.

Halafu tukasikia sauti. Si radi, ilitoka chini. Upande wa pili wa bonde, kwenye mikalitusi ambako hakuna aliyejenga, mlima uliondoka. Miti ilitembea ikiwa imesimama. Mimi nimewadanganya watu maisha yangu yote, lakini hiyo niliiona na macho haya. Ilitembea kama watu wanaotoka kanisani, halafu ikalala, na mahali pake pakabaki pekundu kama kidonda.

Macho yote yakarudi kwenye mlima wetu. Pale mtaro unapoishia, maji yalikuwa yanatoka mekundu, mazito, yanaruka kwenye mawe ya korongo kwa kelele ambayo tuliisikia kupitia vioo. Watoto walishikana. Ismahan alikuwa ameshika ukingo wa dirisha na midomo yake inasoma dua. Tukangoja. Mvua ikanyesha, maji yakatoka. Mvua ikaongeza, maji yakaongeza. Mlima ukakaa. Mchana mvua ikaanza kulegea, na mlima ukiwa umekaa pale pale, na darasa chini yake, na paa lake.

"Umesimama," akasema Syombua.

Basi. Watoto walipiga mabenchi mpaka mchungaji akakimbia kushika mimbari. Walicheza, waliimba ule wimbo wa mwethya. Mbaluka alipoingia na gunia lake likitiririka, walimbeba, ama walijaribu, wakaangukiana. Mimi nilicheza mpaka goti likanikumbusha umri. Kina mama waliokuwa wakilalamika juu ya matope walimkumbatia mwalimu, wakamzungusha, shungi likaenda upande.

"Bado," akasema Ismahan akilirekebisha, huku anacheka. "Hakuna kurudi darasani mpaka nyuzi zikaguliwe."

Zilikaguliwa siku nne mfululizo. Hakuna hata mmoja uliokatika.

Taabu yangu ilianza sokoni. Watu wa Kikima wananijua, wakaja kunisikiliza. "Mama Nzuki, tuambie, nini kiliangukia shule?" Nikasema hakuna. "Nani aliumia?" Hakuna. "Ukuta je?" Upo. Wakaniangalia kama mtu aliyewakaribisha chakula akawapa sufuria tupu. Mara ya kwanza katika maisha yangu nina hadithi kubwa kuliko zote, na ndani yake hakuna kilichotokea, na nikiongeza hata kijiwe kimoja kinachoporomoka nimeiharibu. Nikawaambia waende wakaone wenyewe. Wakaenda. Sasa kila Jumamosi wanakuja watu kutoka vilima vingine, wanawakuta watoto na wilbaro, na Mbaluka anawaeleza kwamba wazo hili alilipata usingizini. Ismahan anampa mkebe anyeshe.

Nyuzi zilipokwisha kukaguliwa, Jumatatu walirudi darasani. Nilipita nyuma ya dirisha na kuni zangu, nikitegemea kusikia jambo kubwa. Walikuwa wanafanya hesabu za sehemu. Kitheka alikuwa amegawanya chungwa vibaya na anabisha kwamba robo mbili ni kubwa kuliko nusu, wenzake wanamcheka, na Ismahan anagonga meza kwa chaki akiwaambia wanyamaze, wafungue ukurasa unaofuata, wana kazi nyingi kabla ya likizo.